Benchi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Daftari mpya. Ile ya zamani iliisha juzi, na ukurasa wake wa mwisho ni orodha ya sokoni: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese. Mwisho wa hovyo kwa daftari iliyonivumilia miaka miwili.

Abe Kyungu, paroko wetu, amekuja kunitembelea. Amesifu chai. Kisha amesifu maua. Aliposifu hata kuku nikajua kuna jambo. Na kweli lilikuwepo. Parokia inataka plani ya kanisa letu la zamani, lile la juu kilimani, plani ya kweli yenye vipimo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Na kurasa chache za historia yake, kwa jubilei ya miaka mia na thelathini mwezi wa Novemba.

"Mama Léontine, weye njo ulichora njia yote ya reli ya huku," amesema. "Kanisa moja litakushinda?"

Miaka thelathini na mmoja kwenye biro, ofisi ya michoro ya reli, na tisa sasa ya kupalilia mchicha. Nimemjibu kwamba nitafikiri. Kabla hajafika getini nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya sanduku, natafuta rula.

La pili amelisema akiwa amesimama, mkono kwenye geti, na hapo nikaelewa sifa za kuku. Komite ya parokia ina injinia, na injinia anasema ukuta wa kaskazini umesogea. Kilima kinausukuma. Jumamosi tarehe 27 watakutana ndani ya kanisa na kuamua. Kama ni kweli umesogea, kanisa litabomolewa baada ya jubilei. Watapiga picha, watalia kidogo, halafu nyundo.

Nilibatizwa humo. Nilifungishwa ndoa humo. Mume wangu alitolewa humo amelala. Sitaki nyundo.


Jumatano, tarehe 10 Septemba

Siku nzuri! Sijafurahi hivi tangu pensheni.

Nimepima kutoka saa mbili asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Peke yangu na kanisa, na mjusi mmoja ambaye alikuwa na maoni yake. Kuta zake zina unene wa sentimita tisini na mbili, matofali ya kuchoma. Madirisha ni membamba, duara juu, yamewekwa mbali mbali utafikiri waliogopa mwanga. Mnara ni mfupi na mnene, umesimama juu ya mlango. Matao ya duara matano kila upande, hakuna hata moja lililo sawa na jirani yake. Nilikuwa nasali humo miaka sitini na saba bila kujua kwamba matao yako matano.

Nje mchana huu ungeweza kukaanga yai juu ya bati. Ndani nimevaa kitenge mabegani.

Saa nane amefika injinia mwenyewe. Anaitwa Michée, ametoka Lubumbashi, hajafika arobaini, viatu safi. Nilijiandaa kumchukia. Nimeshindwa, kwa sababu ameinama akanishikia mwisho wa mita bila kuombwa, na anasoma namba kwa sauti mara mbili kama tulivyofundishwa sisi.

Upana penye mlango: mita 11 na sentimita 20. Upana penye altare: mita 10 na sentimita 77.

"Arobaini na tatu, Mama," amesema taratibu. "Kanisa halijengwi vile. Upande wa kusini umenyooka, nimepima. Huu wa kaskazini njo umeingia ndani."

Nimemwambia nikiangusha timazi ukuta uko wima kabisa. Akajibu kwamba unaweza kuteleza ukiwa wima, chini na juu pamoja, na tangu ziwa lilipopanda miaka hii ya juzi udongo wote wa kilima umelegea. Anadhani ni kazi ya miaka mitatu, minne. Hakusema kwa kiburi. Hilo ndilo linaloniudhi.


Alhamisi, tarehe 11

Magoti. Mgongo. Sijaenda popote. Nimechora matao mawili nikiwa kitandani na ubao wa kukatia nyama chini ya karatasi.


Jumapili, tarehe 14 Septemba

Baada ya misa Papa Valère amenisalimia mbele ya watu. Ndiye président wa komite, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, sauti yake inasikika hadi bandarini. Anataka kanisa jipya lenye nafasi ya watu elfu mbili. Simlaumu. Jumapili ya Matawi watu husimama nje juani.

Amesema amefurahi kwamba binti wa Germain ndiye anayepima. Halafu, kwa wote waliosikia: "Lakini Mama, usipime kama papa yako!"

Wamecheka. Na mimi nimecheka. Nimefika nyumbani, nimekaa na viatu miguuni hadi chakula kimepoa.

Niandike basi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Baba yangu, Germain, alikuwa seremala katika ateliye, karakana ya reli. Mwaka 1962 parokia ilimwomba benchi za upande wa mama, yaani upande wa kaskazini, kwa sababu kwetu wanawake wamekaa kushoto tangu enzi za mapadri wa kwanza. Akatengeneza kumi na nne, mbao nyekundu za mulombwa, kila moja mita nne na zaidi, akazifanyia kazi jioni na siku za mapumziko mwaka mzima. Hakuna aliyesema neno baya kwa miaka thelathini na kitu.

Wakati wa vita waliokimbia vijiji walilala kanisani. Benchi zote zikatolewa nje. Walipoondoka, vijana wa parokia wakazirudisha jinsi zilivyokuja mkononi. Ndipo ikaonekana kwamba hazilingani! Moja inakwama ukutani, nyingine inaacha nafasi ya mtu mzima kupita. Papa Valère alikuwa wa kwanza kusema kwamba Germain alipima akitoka kunywa lutuku. Baba hakuwahi kuonja lutuku. Alikuwa na miaka sabini na mbili, akaanza kukaa benchi ya mwisho, karibu na mlango.

Sasa lile ninaloliona aibu. Siku moja, mwaka 2001, nikiwa mkubwa wa biro, na kalamu zangu tatu mfukoni, nilimwambia mezani kwamba hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza asingekosea hivyo. Nilisema kwa utani. Hakukasirika. Alisema: "Kila benchi ilikuwa mahali pake, Léo." Akaendelea kula. Akafariki mwaka 2004, na mimi sikuwahi kumuuliza alimaanisha nini.


Jumanne, tarehe 16 Septemba

Abe amenipa ufunguo wa kabati la sakristia. Ndani: vinara vilivyovunjika, kanzu moja iliyoliwa na panya, sanamu ya Yosefu bila mkono. Na chini kabisa, ndani ya bati la biskuti, postikadi moja na daftari nyembamba. Vya Padri Grégoire! Ndiye aliyejenga, mimi nilimjua kwa jina kwenye jiwe la mlangoni tu.

Postikadi inaonyesha kanisa la kijiji alikozaliwa, huko Ulaya. Nimeikodolea macho mpaka chai ikapoa. Ni letu! Mnara mfupi mnene juu ya mlango, madirisha membamba ya duara, kuta za unene ule ule. Ila pale kwao kuna theluji juu ya paa na kunguru.

Nyuma ameandika kwa Kifaransa, mwandiko wa chungu wadogo. Kanisa lile lilijengwa karne ya kumi na mbili. Kuta zilifanywa nene kwa sababu wajenzi wale hawakuwa na hesabu nyingine ya kuzuia matao yasitawanyike, walijua uzito tu. Madirisha yalibanwa kwa ajili ya baridi, na kwa ajili ya wezi wenye mikuki. Wanawake walikaa upande wa kaskazini, mbali na jua, na beseni la ubatizo liliwekwa karibu na mlango ili mtoto asiingie mbali kabla hajabatizwa. Letu liko pale pale mlangoni. Nilidhani kila kanisa ni hivyo.

Kwa hiyo alikuja huku, akatamani nyumbani, akalijenga kwa kukumbuka. Madirisha yaliyobanwa kwa ajili ya baridi yao ndiyo yanayotupa ubaridi sisi. Nimecheka peke yangu sakristiani. Miaka mia nane, na kitu bado kinafanya kazi, ila kwa kinyume.

Mstari wa mwisho wa postikadi: hata kanisa la kwao limepinda. Penye altare linaegemea kushoto, na wazee wa huko walimwambia utotoni kwamba ni kichwa cha Yesu kilichoinama msalabani. "Mimi," ameandika, "sina maelezo mazuri kama hayo kwa kanisa langu."

Kanisa lake, yaani hili letu! Kwa hiyo alijua.


Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Nimesoma daftari yote. Macho yanauma, moyo unacheza.

Niandike kwa utaratibu. Mwaka 1893, mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, wakapanga msingi. Mkuu wa wajenzi aliitwa Kitungwa, mtu wa hapa hapa ziwani. Hawakuwa na mita ya chuma, ile ya Padri ilizama ziwani pamoja na mzigo. Kitungwa akasokota kamba ya magome ya mti, ndefu kama upana wa kanisa, mafundo kila dhiraa. Wakanyoosha ukuta wa kusini wote. Kisha wakapima upana penye mlango kwa ile kamba, wakapigilia kigingi cha kona ya kwanza ya kaskazini.

Kona ya pili, penye altare, ilikuwa na kichuguu. Kikubwa, Padri anasema, kupita nyumba yake. Wakaanza kukichimba, na udongo wake ukawa mzuri mno kwa matofali hivi kwamba hakuna aliyefanya haraka. Wiki nane! Kufikia mwisho wake mvua ilikuwa imeanza. Wakachukua kamba ile ile, imelala nje siku zote hizo, imelowa mpaka ndani. Wakapima. Wakapigilia kigingi cha pili.

Kamba ya magome ikilowa hujikunja na kufupika. Kila mwanamke aliyeanika nguo huku anajua. Kitungwa bila shaka alijua pia, ila siku ile mvua ilikuwa inawapiga wote na walitaka kumaliza.

Padri Grégoire aligundua ukuta ukiwa umemfika kifuani. Alitaka kubomoa. Kitungwa akamwambia (Padri ameliandika kwa Kiswahili, katikati ya Kifaransa chake): "Watu watatazama mbele, Baba. Nani atatazama kando?" Wakaendelea.

Na amepima kosa. Ameandika: "Kanisa langu ni jembamba penye altare kwa" — halafu tundu. Mchwa wamekula namba. Wametoboa kurasa sita mahali hapo hapo, duara safi. Mtu aliwabomolea nyumba yao, wakangoja, wakala ushahidi.


Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Nimempelekea Michée daftari. Amesoma yote, amekaa kwenye ngazi za kanisa na viatu vyake safi vumbini. Alipofika kwa Kitungwa alicheka kwa nguvu.

Kisha amenirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, naamini kamba. Lakini kamba ilikosa kiasi gani? Kama ni sentimita kumi, basi thelathini na tatu njo kilima. Siwezi kutia sahihi juu ya tundu la mchwa. Siku moja ukuta ukianguka juu ya wamama wakiwa misani, ni mimi."

Anasema kweli. Laiti angekuwa mjinga. Anahitaji kitu kilichopima ukuta kabla ya ziwa kupanda. Picha ya zamani haitoshi, amesema, picha inadanganya kwenye kona. Kitu chenye urefu unaojulikana.

Nimetembea kurudi nyumbani kwa njia ya chini, ya ziwani. Nilikuwa nimeshapita posta nikasimama katikati ya barabara, pikipiki ikanipigia honi.

Kila benchi ilikuwa mahali pake, Léo.

Baba hakukosea! Alipima kila mstari peke yake, kutoka njia ya katikati mpaka ukutani, mara kumi na nne, na kila mara alipata namba nyingine, na kila mara aliiamini mita yake. Benchi zake hazilingani kwa sababu ukuta uliingia ndani tayari mwaka 1962. Na walipozirudisha hovyo, kosa likawa lake.

Nimelia barabarani, mbele ya muuza vocha. Amenipa kiti.


Jumapili, tarehe 21

Benchi ziko wapi? Baada ya misa nimeuliza kila mwenye kichwa cheupe. Mwaka 2007 viti vya plastiki viliingia, benchi zikagawanywa. Nyingine zilienda shule, nyingine zilichomwa kuni, Mungu awasamehe. Mama mmoja anasema moja iko bandarini, kwa wauza samaki.


Jumanne, tarehe 23 Septemba

Shuleni kuna mbili, zimekatwa katikati kuwa nne. Hazisemi kitu tena.

Bandarini. Mama Evodie anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale penye ukuta wa maghala, na chini yake, chini ya masinia, chini ya wauzaji wenzake watatu, nimeiona. Nyekundu bado, ingawa inanuka ndagala za miaka kumi na minane. Nimemwomba anyanyuke. Amekataa. Nimemwambia ni kazi ya baba yangu. Amenyanyuka, na amewanyanyua wenzake.

Nimelala chali chini ya benchi, mimi na miaka yangu, na kitenge changu kizuri. Kwa chini, imechomwa kwa chuma: 14. Na G ndogo.

Kumi na nne ndiyo ya mwisho ukihesabu kutoka mlangoni, ile ya karibu na altare. Mungu amenichagulia vizuri. Urefu: mita 4 na sentimita 40. Halafu nikaweka ekeri yangu ya pembe mraba kwenye mwisho wake wa ukutani, kwa mazoea tu, na ekeri ikaacha mwanga. Mwisho ule hakuukata mraba! Ameukata kwa mshazari, milimita tano ndani ya upana wa benchi, ili ulale sawa na ukuta unaoingia. Milimita tano, kwa msumeno wa mkono, jioni, baada ya kazi. Mimi ndiye niliyemwambia habari za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mama Evodie ameniuliza kwa nini nacheka huku nalia. Nimemweleza. Amesikiliza vizuri, anapepea nzi.

"Basi Jumamosi benchi itaenda," amesema, "na miye nitaenda nayo. Nimekaa juu yake miaka yote, haiendi peke yake kwa bantu."


Ijumaa, tarehe 26 Septemba

Plani imekamilika. Wino mweusi, karatasi kubwa. Nzuri, naisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine humu. Kila tao na unene wake, beseni la ubatizo, mnara, na ule ukuta wa kaskazini unaoingia taratibu. Sikuunyoosha hata kidogo.

Michée anajua mpango. Kila benchi ya baba ilishikwa sakafuni kwa kipande cha mti kilichotokeza chini ya mguu wa upande wa njia ya katikati. Matundu yake yako bado, chini ya zulia. Tutaweka mguu wa benchi ya kumi na nne kwenye tundu lake. Kama ukuta umeteleza sentimita arobaini miaka hii, benchi haitaingia kabisa. Kama ulizaliwa hivyo, mwisho wa benchi utagusa ukuta na kulala. Michée amesema: "Ikilala, Mama, natia sahihi kwamba ukuta ni mzima." Papa Valère amesema sawa, tuone hiyo kazi ya Germain. Abe hataki zulia liguswe kabla ya kesho, kuna ndoa leo. Wimbo wa arusi unasikika hadi hapa. Nimekula vizuri. Sina wasiwasi. Nina wasiwasi kidogo.


Jumamosi, tarehe 27 Septemba

Naandika humu humu kanisani, nimekaa kwenye ngazi ya altare, daftari gotini.

Benchi imekuja na mkokoteni, Mama Evodie mbele yake kama polisi wa barabara. Ameisugua kwa majani na sabuni. Bado inanuka. Komite yote iko hapa, watu kumi na mmoja, na wanawake wengi ambao hawakualikwa. Wamekaa upande wao.

Tumekunja zulia. Tundu lipo, limejaa nta na vumbi, nimelisafisha kwa kibanio cha nywele. Wanaume wanne wamebeba. Mguu umeingia tunduni, umezama vizuri. Wakaanza kushusha upande wa ukutani.

Haikuingia.

Imekwama. Mwisho wa benchi umegonga ukuta, umebaki juu, hautaki kushuka. Michée ameweka mita: inazidi kwa sentimita mbili. Papa Valère amekohoa.

"Si nilisema?" Hakupaza sauti hata, jambo geni kwake. "Haiingie. Germain ni Germain."

Nilitaka sakafu inimeze. Nimesema kwamba mbili siyo arobaini. Papa Valère amesema kutoingia ni kutoingia, na kama ukuta umetembea mbili, mwakani utatembea nne. Wengine wametikisa kichwa kukubali. Mama Evodie amesema neno la Kiholoholo ambalo siliandiki.

Michée amepiga magoti mahali benchi ilipogonga. Amegonga ukuta kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti. Akagonga tena, pembeni.

"Hii plasta ya sima," ameuliza, kidole kwenye saruji, "ni ya mwaka gani?"

Abe Kyungu amejibu: 2008. Baada ya viti vya plastiki. Walipiga saruji ndani kote, juu ya chokaa ya zamani, ili ukuta uonekane mpya.

2008! Benchi zilikuwa zimeshatoka. Na mimi, mwenye kalamu tatu, nimechora ukuta ule wiki mbili na zaidi, nimeandika unene wake kwa milimita, na sikuwaza hata mara moja kuuliza ganda lake ni la lini. Yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Baba angeuliza.

Michée ameomba patasi. Amemtazama Abe, Abe amefanya ishara ya ndiyo. Anagonga sasa. Vipande vinaanguka kwenye sakafu na kwenye viatu vyake. Chini ya saruji kuna chokaa ile ya zamani, nyeupe kama maziwa, ile ya makonokono ya ziwani ambayo mama zetu waliichoma na kuipaka kila mwaka kabla ya Pasaka. Nimekumbuka harufu yake kabla sijaifikia.

Ameacha kugonga.

Katika chokaa kuna mstari. Umelala, mwekundu, wa upana wa benchi, mahali pale pale pa kimo cha kukalia. Rangi ya mulombwa. Benchi imesugua ukuta hapo miaka thelathini na sita, toka 1962 hadi vita, kila mama aliyekaa na kila aliyesimama, hadi imejichora. Michée ametia kidole mate, amekipitisha juu ya mstari, amekitazama. Unene wa saruji aliyoitoa ameupima pia. Ameusoma kwa sauti mara mbili. Sentimita mbili, zile zile zilizozidi.

Bado anapanua tundu, anataka mwisho wote wa benchi upate nafasi. Papa Valère ameondoka mahali pake penye meza ya komite, amekuja hadi ukutani, ameinama kwa shida, na goti lake baya, autazame ule mstari.

"Nani aliitengeneza hii?" Michée ameniuliza bila kugeuka. Anajua jina. Anataka lisemwe.

Nimesimama nikalisema. Germain. Kuta nene zimelirudisha, kama zinavyorudisha kila kitu humu.

Papa Valère amevua koti. Amewatoa wale wanaume wawili wa upande wa ukutani, ameshika mwenyewe, mkono mmoja chini ya benchi, pale penye namba. Michée ameshika mbele yake. Wameinua. Ni nzito, imeyumba, Papa Valère anatazama huku na huku.

"Mama Léontine," anasema. "Njoo ushike katikati."

Naenda.